Mti wa Nakijwa na Wanawe Watatu

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mabati yalikwisha kufika Upareni, palikuwa na mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa na watoto watatu, na mti mmoja kwenye pipa kibarazani. Mti wenyewe wa kigeni, ule ambao majani yake makavu hutiwa kwenye mchuzi ukanukia. Aliulea miaka kumi na miwili. Watoto aliwalea zaidi ya hapo, na mti uliwashinda kwa adabu.

Akaugua figo, akatakiwa kukaa hospitali ya bondeni miezi sita. Akawaita.

"Mti huu hauogopi baridi ya hapa. Unataka jua na maji kidogo, basi. Nikirudi nikaukuta hai, aliyeuokoa atarithi nyumba."

Senzota, kifungua mimba, alimpenda mama yake kweli. Kila Jumapili alishuka bondeni kumwona. Lakini upendo wake aliupima kwa ndoo: asubuhi ndoo, jioni ndoo. Julai ilipofika akaufunika mti blanketi. Majani yakawa manjano, yakapukutika. "Maskini, una kiu," akasema, akaongeza ndoo.

Mbonea, wa pili, alikuwa na mwaka mzima hasemi na mama. Alikuja kuchukua jembe lake, akajikwaa kwenye pipa. Akalipiga teke likaporomoka mtelemkoni. "Na ufe," akasema, akaenda zake. Pipa likapasuka, maji yakachuruzika, mizizi ikashika udongo wa changarawe penye jua, mbali na ndoo za Senzota. Mti ukachipua.

Namkunda, kitinda mimba, akaukuta umechipua lakini umejaa wadudu wanaonata. Akaufuta jani kwa jani kwa kitambaa cha sabuni, wiki tatu. Kila alipoinama aliita majirani: "Mnaniona? Mkaseme mlichokiona." Hospitali hakufika hata siku moja.

Nakijwa akarudi kwa fimbo, akaukuta mti hai mtelemkoni.

"Ni mimi, mama," akasema Senzota. "Nani mwingine aliukumbuka kila siku?"

"Kila siku uliuzamisha," akasema Namkunda. "Mimi niliutibu. Mashahidi hawa hapa."

"Uliitibu nyumba," akajibu Mbonea. "Mama, mimi niliupiga teke, nilitaka ufe. Lakini nisingeupiga ungeozea kwenye pipa. Wewe ulisema aliyeuokoa. Hukusema aliyependa kuuokoa."

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua viazi vilivyooza.

"Mmoja ananipenda bila akili, mmoja ana bidii bila moyo, na mmoja ameniletea teke lake nimshukuru. Lakini ahadi ni ahadi, na nyumba siwezi kuipasua mapande."

Akatugeukia sisi majirani tuliojazana pale kula umbea. "Ninyi mnaojua mambo ya kila mlango, semeni basi."

Kila mmoja akakumbuka kazi aliyoiacha nyumbani, tukatawanyika. Mpaka leo shauri hilo halijakatwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza mkijiona mna akili kutuzidi: je, nyumba ya Nakijwa alistahili nani?