Mbuzi wa Sikudhani

Bwana Shekiondo alichagua mbwa kwa hekima ya matajiri: alimnunua wa ng'ambo, angali mdogo wa kuenea kapuni, wala hakuuliza mama yake ana ukubwa gani. Mwaka haujaisha, mbwa huyo, jina lake Sultani, akawa kama ndama. Nyama ikamshinda bwana mkubwa, akaanza kumpa ukoko na kumwachia lango wazi. Mbwa akahamia katikati ya njia ya bombani, watu wakakosa maji.

"Mfunge, bwana," walimsihi.

"Hameni nyinyi," akajibu.

Sikudhani, muuza supu, akaenda kwa mjumbe wa mtaa akilia. "Mbwa wa Bwana Shekiondo kanilia mbuzi! Anilipe!"

Shekiondo akaitwa. Aliposikia kulipa, akaruka. "Mimi sina mbwa!"

"Na Sultani je?" mjumbe akauliza.

"Koko tu yule. Simjui, naapa mbele ya watu wote."

Sikudhani akapangusa machozi. "Basi kama hana mwenyewe, nimchukue mimi anifidie."

"Mchukue, mama, mchukue!"

Wakatoka wote hadi njia ya bombani. Sikudhani akafungua pindo la kanga, akatoa mfupa wa supu. Sultani akainuka, akamfuata kama alivyozoea kumfuata kila asubuhi. Njia ikawa nyeupe.

"Pole kwa mbuzi," Shekiondo akasema, roho imetulia. "Alikuwa dume au jike?"

"Mbuzi gani, baba? Mimi mbuzi wangu wote nawanunua buchani."

Shekiondo akapiga ukelele, "Sultani! Rudi hapa!"

Mjumbe akakohoa. "Bwana Shekiondo, mbona unaita mbwa wa watu?"