Vigogo wa Bondeni Wapanda Miambani

Zamani za kale sana, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na viwanja vya mpira, kulikuwa na ligi mbili katika nchi moja.

Ya kwanza ni Ligi ya Bondeni. Hiyo ilikuwa na misimu arobaini. Ilichezwa na vigogo watupu: Tembo, Kifaru, Kiboko na jamaa zao wenye shingo nene. Siku ya mechi ardhi ilitetemeka ti! ti! ti! mpaka vikombe vikaanguka kwenye kabati za majirani.

Ya pili ni Ligi ya Miambani, kule juu kwenye mawe. Hiyo ilikuwa na misimu mitatu tu. Walicheza pimbi, kindi, kanga na nguchiro.

Katibu wa ligi hiyo changa alikuwa Bi Nguchiro, mama mwenye pua nyembamba na miguu isiyotulia. Ratiba nzima aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake. Akikoroga uji, anasoma: Jumamosi, Kindi na Kanga. Akigeuza chapati, anasoma: Jumapili, Pimbi na Nguchiro. Watoto wake waliujua msimamo wa ligi kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Sasa asubuhi moja, Bi Nguchiro akiwa anapepeta mchele, ti! ti! ti! Sufuria ikacheza juu ya mafiga.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mzee Tembo. Shikamoo."

"Marahaba." Tembo hakuweza kuingia. Akaweka jicho moja dirishani, na dirisha lote likajaa jicho. "Hiyo mikwaruzo ukutani ni nini?"

"Ratiba ya ligi yetu, mzee."

"Ligi?" Tembo akacheka, hahahaa! Majivu yakaruka mekoni. "Misimu mitatu nayo ni ligi? Sisi tulianza kucheza babu yako hajaota meno! Sikiliza, mama. Mvua imetuharibia kiwanja cha mazoezi. Tunataka hiki chenu. Acheni mchezo wa kitoto. Mkiupenda sana mpira, njooni Bondeni mtuokotee ukitoka nje."

Bi Nguchiro akauweka ungo chini. Aliwakumbuka wenzake walivyoondoa mawe kwenye kile kiwanja, moja moja, kwa meno na kucha, mwaka mzima.

"Mzee," akasema, "ligi inapimwa uwanjani. Leteni timu yenu bora Jumamosi, na sisi tutatoa yetu. Mkitushinda, chukueni kiwanja, na ukuta huu nitaufuta kwa mkono wangu. Msipotushinda, mtatuita ligi mbele ya watu wote, na kila mwaka mtapanda huku mcheze na sisi."

"Hata leo!" Tembo akasema, akashuka zake akicheka njia nzima.

Habari ikafika kwa Pimbi, nahodha na kipa wa Miambani. Akaja mbio.

"Bi Nguchiro! Umetufanyia nini? Kifaru akipiga shuti, wavu unapasuka!"

"Tutacheza tu."

"Lakini unaamini tunawaweza?"

Bi Nguchiro akajifanya anatafuta mwiko. Moyoni alijua kwamba haamini, na aibu ilimchoma. Akajifunga kanga vizuri, akashuka bondeni kwa njia zake mwenyewe.

Akamkuta Kifaru akijipaka tope.

"Bwana Kifaru, nina siri, usimwambie hata mkeo. Sisi tunajua tutafungwa. Kwa hiyo tumekubaliana: atakayetufunga bao la kwanza, sura yake tutaichora kwenye jabali la njia ya kuingilia Miambani, kubwa, na nchi nzima iione. Nimekuja kwako kwa sababu nasikia mfungaji ni wewe."

"Nani mwingine?" Kifaru akasema, akainua pembe. "Chora pembe vizuri."

Akaenda kwa Tembo, maneno yaleyale. "Masikio yangu yatatosha kwenye hilo jabali?" Tembo akauliza.

Akaenda mtoni kwa Kiboko. Chubwi! Kiboko akaibuka.

"Lakini mimi ni kipa, mama."

"Basi si ndivyo wanavyokuonea! Miaka yote umekaa golini. Nani anaijua njia ya kuingia golini kuliko wewe?"

Kiboko akafikiri muda mrefu, mapovu yakipanda puani. "Kweli kabisa," akasema.

Jumamosi ikafika. Miambani palijaa, kila jiwe lina mtu. Korongo, mwamuzi wa siku hiyo, akasimama kwa mguu mmoja akapuliza filimbi. Prrrii!

Tembo akauchukua mpira. Kifaru yuko peke yake mbele ya goli, anapiga kelele, "Toa pasi! Toa pasi!" Tembo akajifanya hasikii, na masikio yale! Akapiga kutoka mbali, pu! Nje.

Kifaru akaupata. Tembo anaita, Kifaru hageuki. Akainamisha kichwa, akakimbia nao moja kwa moja mpaka akaupita mwenyewe, mpira ukabaki nyuma.

"Leta hapa!" Nani huyo? Kiboko! Ameacha goli wazi, anapumua fyuu, fyuu, katikati ya uwanja, anamnyang'anya mpira mwenzake. Watatu wakagongana, gubu! Vumbi likatimka.

Kutoka kwenye vumbi hilo akachomoka Kindi na mpira. Akampa Kanga, Kanga akamrudishia, hakuna mtu golini. Tii! Bao!

Miambani wakaruka. Hawajatulia, vigogo wanagombana tena, Kanga akauchukua, tobo katikati ya miguu ya Tembo, bao la pili!

Mapumziko. Bi Nguchiro alikuwa anacheka peke yake pembeni, mara akasikia Kiboko analalamika, "Lile jabali lilikuwa langu!"

"Jabali gani lako?" Kifaru akasema. "Niliahidiwa mimi!"

Tembo akawatazama wote wawili. Kisha akageuza kichwa polepole. "Bi Nguchiro."

Bi Nguchiro akarudi nyuma hatua mbili. Lakini Tembo hakumfuata. Akawaambia wenzake, "Jabali hakuna. Kiboko, rudi golini. Kifaru, ukiniona nimesimama vizuri, nipe. Nikikuona, nakupa. Tucheze kama tunavyocheza kwetu."

Pimbi naye alikuwa amesikia kila neno. Akamjia Bi Nguchiro na uso uliokunjamana.

"Kumbe hukutuamini."

"Niliogopa kiwanja kitachukuliwa, mwanangu."

"Misimu mitatu umeandika majina yetu ukutani. Ukadhani tunaandikwa tu?" Akavaa glovu zake. "Sasa ujanja umekwisha. Kaa hapo utazame."

Prrrii!

Wanangu, msidanganywe, Bondeni walijua mpira. Misimu arobaini si mchezo. Tembo akatoa pasi ndefu iliyopinda kama mkonga wake, Kifaru akaikuta hewani. Bao! Baada ya muda wakapata kona, Tembo akaruka. Naam, Tembo aliruka! Akaupiga kichwa. Mbili kwa mbili.

Bi Nguchiro akajifunika uso kwa kanga. Kisha akaona haya, akaifunua, akatazama.

Na alichokiona ni hiki. Miambani hawakukimbia. Walipiga pasi fupi fupi, tap, tap, tap, chini ya matumbo, kati ya miguu, mpira haukai. Kindi akianguka, nguchiro keshafika. Shuti la Kanga likagonga mwamba wa goli, ngo! na Kiboko akashika kichwa kwa hofu. Vigogo wakaanza kuhema. Hata watu wa Bondeni waliokuja kushangilia wakaanza kupiga makofi bila kujijua.

Dakika ya mwisho Kifaru akabaki yeye na Pimbi tu. Kifaru akavuta mguu nyuma. Puuu!

Mpira ukampiga Pimbi kifuani. Ukamsukuma nyuma, ukamsukuma tena, visigino vikafika kwenye mstari uliochorwa juu ya jiwe. Lakini nyayo za pimbi zinanata kwenye mawe tangu kuzaliwa. Zikashika. Pimbi akainama, akaukumbatia mpira, mpira haukuvuka.

Prrrii! Prrrii! Prrriiii!

Hapo ndipo Bi Nguchiro alipolia. Akampita Tembo, akampita Kifaru, akamfikia Pimbi. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa namsimulia kila mtu habari zenu, na mimi mwenyewe sikuzisikia."

"Umesikia leo," Pimbi akasema, bado ameukumbatia mpira, anacheka.

Tembo akaenda katikati ya uwanja.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Hatukushinda. Mbele yenu nyote nasema, hii ni Ligi ya Miambani, na mwakani tutapanda tena." Akainama mpaka jicho lake likawa sawa na pua ya Bi Nguchiro. "Mama, kipindi cha kwanza mlitubana kwa ujanja wako. Cha pili mlitubana kwa miguu yao. Nyumbani nitawasimulia wanangu hicho cha pili."

Na mimi, wanangu, nimewasimulia vyote viwili, mjue jambo hili: ligi changa inapimwa kwa mpira inaoucheza, wala si kwa miaka ya jirani yake.