Mlango wa Mvule wa Mzee Mkude

Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa kumi na mbili na robo jioni, watu watatu walisimama mbele ya nyumba ya marehemu mzee Mkude, pembezoni mwa Morogoro. Dalali Kunambi angeweza kumpata mnunuzi hata jangwani. Mloka alikuwa fundi rangi ambaye doa halikuwahi kumshinda. Bibi Chausiku alikuwa mtani wa marehemu. Siku ya mazishi alimtukana pale pale kaburini, waombolezaji wakacheka.

Aliyewaita ni Semeni, binti wa marehemu. Mama yake alikuwa amelazwa akisubiri upasuaji wa moyo, na familia haikuwa na kitu kingine cha kuuza. Lakini ukutani baba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kuwazuia matapeli: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Atakayeniwezesha kuiuza," Semeni alisema, "atachukua mlango wa mvule aliouchonga baba."

Kunambi alitangulia. "Mwanangu, kwingine wauzaji wanashusha bei. Huku kwetu lami imefika, hata banda la kuku linaulizwa bei. Tuuze kabla mambo hayajageuka." Akamleta mama mmoja kutoka Dodoma. Mama yule akasoma ukuta, akarudi nyuma.

"Futeni kwanza hayo. Nitakuja Jumapili."

Mloka akapaka rangi nyeupe. Alfajiri maneno yalikuwa yamerudi, rangi mbichi, ikichuruzika. Akakwangua hadi kwenye tofali, akapiga plasta upya, akapaka tena. Yakarudi. Hakukimbia, ingawa wekundu uliganda viganjani mwake na sabuni haikuutoa.

Jumamosi Bibi Chausiku akaweka kigoda mbele ya ukuta.

"We Mkude, bahili usiye haya! Mimi ulininyima ugoro, leo unamnyima mkeo moyo? Unailinda nyumba, utalala chumba gani?"

Ndani, ambamo hamkuwa na mtu, mtu akakohoa. Semeni alikijua kikohozi kile. Mloka akapaka mara ya mwisho, na Jumapili ukuta ukaamka mweupe.

Yule mama wa Dodoma akarudi, nyumba ikauzwa; mlango wa mvule hakuutaka, alitaka kuweka wa chuma. Mama yake Semeni akapasuliwa, akapona. Ndipo wale watatu wakaja kudai.

"Bila mnunuzi, ukuta mweupe ungemsaidia nani?" akauliza Kunambi.

"Mnunuzi wako si aliukimbia ukuta?" Mloka akainua viganja vyekundu. "Mimi nilibaki."

"Ungebaki unapaka mpaka leo, mjukuu wangu," akasema Bibi Chausiku.

Asubuhi iliyofuata Semeni alikwenda na bisibisi kuung'oa mlango. Upande wa ndani, kwa mwandiko wa baba, rangi ikichuruzika, palikuwa na maneno: MLANGO HUU UNA MWENYEWE. Jina halikuwepo.

Akaweka bisibisi chini. Akawaita wote watatu, akaufungua mlango wazi, akasimama kando.

Je, wewe uliyesikiliza, ungemwambia nani aubebe?