Nepi na Kichwa cha Samaki

Kaeni, msinikatize. Bi Ruzuna, mwenye nyumba, alijaliwa mali na pua. Mpangaji wake Mwanashuru akiepua tu chungu, yeye keshaingia. Siku hiyo samaki alikuwa mmoja, na mtoto analia njaa.

"Kichwa nipe mimi, mwanangu. Ndiyo heshima ya mwenye nyumba."

"Chako hicho, bibi," alisema Mwanashuru kigodani, akikoroga. "Ngoja kwanza niitafute nepi ya huyu."

Bi Ruzuna akamtazama mtoto. Makalio wazi.

"Kaitupa wapi?"

"Humuhumu jikoni. Siku hizi anatumbukiza vitu chunguni. Jana kandambili. Wewe ukausifu mchuzi."

Bi Ruzuna akaondoka bila kuaga.

Mwanashuru akamchambulia mwanawe kichwa chote. Kisha akainuka, akaichukua nepi aliyokuwa ameikalia, akamvalisha.