Mkono wa Sultani na Boriti Fupi

Hapo zamani, mwambao ulipokuwa na masultani wengi kuliko visima, alikuwako Sultani Badawi, mtu mrefu kama mnazi, mikono yake ikishuka hata magotini. Akajenga ukumbi. Kuta ziliposimama akaupima upana kwa dhiraa, kutoka kiwiko chake hata ncha ya kidole, akapata dhiraa sita.

Fundi Mshangama akasema, "Seyyid yangu, tupeleke mikokoni kamba yenye upana huu, boriti zikatwe kwa kamba hiyo."

"Kamba ya nini? Mkono wangu umekuwa mwongo? Waambieni dhiraa sita, basi!"

Kumbe mkata boriti alikuwa kijitu kifupi, mkono wake kama mwiko. Akapima dhiraa zake sita, akakata kwa moyo mweupe. Boriti zilipoinuliwa, ncha moja ikakaa ukutani, ya pili ikabaki hewani.

Sultani akawaka. "Fundi! Zisipofika ukutani kabla ya Ijumaa, nyumba yako naibomoa!"

Ikawa fundi analia, na fukara mmoja, jina lake Kijoli, naye hana raha, kwani mtu huyo, aliyerithi domo tupu kwa babaye, alikuwa akilala barazani kwa fundi.

"Futa kamasi, bwana fundi," akasema. "Wa kumshinda Sultani ni mimi. Niazime msumeno."

Basi Kijoli akaingia barazani kwa Sultani, msumeno begani, mkata boriti nyuma yake.

"Seyyid yangu, nimekuja kusawazisha zile boriti. Tafadhali, nyoosha mkono."

Sultani akaunyoosha. Kijoli akaulaza mkono wa mkata boriti kando yake, kiwiko kwa kiwiko, na pale ulipoishia akapiga alama ya mkaa. Vidole vyote vya Sultani vikawa nje ya alama. Kijoli akautemea mate msumeno.

"We! Wafanya nini?"

"Dhiraa hizi mbili hazilingani, bwana wangu. Mkono wa huyu siwezi kuurefusha, na boriti zimekwisha katwa. Kilichobaki kukatwa ni hiki kilichozidi."

"Ngoja!" Sultani akaurudisha mkono kifuani. "Kabla hujakata, pima! Pima vizuri kwanza!"

"Ala!" Kijoli akaketi chini. "Maneno matamu hayo. Mbona mikoko hukuihurumia hivyo?"

Baraza lote likauma midomo. Sultani akautazama mkaa mkononi mwake, kisha akacheka hata kilemba kikamtoka. Akaiacha nyumba ya fundi isimame, akaagiza boriti nyingine, na safari hii kamba ikapelekwa. Zile fupi akampa Kijoli.

Kijoli akazilaza chini kwanza, ndipo akajenga kuta za kuzifuata, akawa na nyumba yake. Siku moja Sultani akaja kuitazama.

"Upana wake dhiraa ngapi?"

"Karibu upime, bwana wangu. Msumeno uko mlangoni."

Sultani akauficha mkono ndani ya joho, akaomba kahawa.