Mikono Miwili ya Kushoto

Akiteng alikuwa fundi cherehani hodari pale Malaba, lakini akili yake ilitangatanga kama kuku wa kienyeji. Lori likipiga honi barabarani, alichungulia. Mtu akivuka kutoka Uganda, sharti apigiwe salamu ya Kiteso, "yoga!", na kuulizwa habari za Tororo. Ndivyo siku moja alivyoishonea gomesi ya mwenyekiti wa kwaya, lile gauni refu la mshipi, mikono miwili ya kushoto!

Mwenyekiti huyo, Mama Akurut, alishika kiuno. "Fundi, hii ni nini sasa? Mwezi ujao tunaimba Tororo. Zimebaki gomesi sita, pamoja na hii yangu ya kurudia. Ukiharibu moja tu, kazi yote inaenda kwa fundi wa ng'ambo!"

Akiteng aliingiwa na hofu, kwani kwaya ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Jirani yake Anjeline, muuza samaki wa kukaanga, alimletea ubao wa drafti na vifuniko vya soda.

"Dada, hii itakufunza kutulia. Tucheze moja kila asubuhi, halafu kazi."

Lo! Akiteng alilipokea shauri hilo kwa pupa. Kesho yake alicheza kutwa nzima na madereva wa malori. Kufikia jioni kichwa kilimgonga, hata uzi ukakataa kuingia sindanoni. Anjeline alivizoa vifuniko vyote akavitia ndani ya aproni yake.

"Nilisema moja, si hamsini! Kwani wewe hula samaki wa wiki nzima siku moja?"

Basi wakashika mchezo mmoja. Wiki ya kwanza Akiteng alishindwa kila siku, akacheka. Ya pili alianza kuona hatua tatu mbele, na honi zikapita bila yeye kuinua kichwa. Gomesi tano zikatoka safi.

Ya sita, ya Mama Akurut, ilipungukiwa na kitambaa. Zamani angelia. Safari hii alitulia, akavigeuzageuza vipande mezani, hatimaye akakata mikono kutoka kitambaa cha mshipi, chenye maua mekundu.

Mama Akurut alijitazama kiooni, akazunguka, akapiga vigelegele. "Wee! Hata Tororo hawana hii! Fundi, na za Krismasi ni zako."

Akiteng alifurahi hadi machozi yakamlenga. Papara yake ilikuwa gogo nene, naye alilichonga kidogo kila asubuhi mpaka likaisha. Hakika waliosema bandu bandu huisha gogo hawakukosea.