Transfoma ya Fakhria

Mtaa wa Mtendeni, mjini Tabora, haukuwa na mtu asiyemjua Fakhria binti Muhanna, wala haukuwa na wengi waliomwamini. Babu zake walifika na misafara ya zamani wakafungua maduka. Yeye akalipa kisogo duka la vitambaa, akajifunza kutengeneza redio. Jamaa zake walisema mwanamke na waya wapi na wapi. Maofisa nao, enzi hizo za ujamaa, walimwona mtoto wa wenye maduka tu. Fakhria aliyasikia yote kwa sikio hili, akayatoa kwa lile.

Asubuhi moja ya mwaka 1975, lori la asali kutoka Sikonge lilisimama mlangoni pake. Akashuka Minza, mama wa Kisukuma aliyekuwa msimamizi wa bani kubwa, jengo la kukaushia tumbaku, katika kijiji cha ujamaa huko. Fakhria alikuwa amewahi kumtengenezea redio.

"Bi Fakhria, tumekwisha!" alisema Minza akihema. "Feni ya bani imesimama tangu jana. Majani ya kijiji kizima yamo ndani, yamekwisha kuwa manjano. Yakikosa hewa siku mbili tatu, yatageuka meusi kama masizi."

"Mhandisi hajaja?"

"Amekuja. Anasema vipuri viagizwe Ulaya, miezi minne. Tumbaku haina hata siku nne!"

Fakhria hakuuliza la pili. Alitia katika kikapu chuma chake cha kulehemu, waya mwembamba uliopakwa rangi, transista kadhaa, na pete mbili nyeusi za sumaku alizozitoa katika mtambo mbovu wa simu. Wakaondoka.

Walipofika, Mhandisi Alois alikuwa amesimama mbele ya sanduku la chuma lililotawala mwendo wa feni. Alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, nguo zake zimenyooka kama karatasi. Pembeni alisimama Mzee Lugembe, mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kinamama waliofanya kazi humo.

"Huyu ndiye fundi?" Alois alicheka. "Mshona redio?"

Fakhria alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akachungulia ndani ya sanduku. Transfoma mbili ndogo, kila moja sawa na kifundo cha kidole, zilikuwa zimeungua.

"Mzee," alieleza, "humu mna umeme wa namna mbili. Mmoja mkali, ndio unaozungusha mota. Mwingine mpole, kazi yake kutoa amri tu: lango lifunguke, mkali apite. Wawili hawa wakigusana, mpole anaungua. Transfoma hukaa katikati yao. Ina nyaya mbili zisizogusana. Amri huvuka kwa nguvu ya sumaku, umeme wenyewe hauvuki."

Mzee Lugembe aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kama mshenga. Neno analifikisha, lakini haoi yeye."

"Hayo ni maneno ya barazani," Alois alimkatiza. Ilikuwa imemuuma kuona yule mwanamke anasikilizwa. "Tutaunganisha moja kwa moja bila transfoma, feni ifanye kazi leo."

"Usiunganishe!" Fakhria alipaza sauti.

Alois hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Aliunganisha, akabonyeza swichi. Sanduku likatoa mlio mkali, moshi ukafuka. Sehemu ya kutolea amri nayo ikaungua.

Badala ya kutahayari, Alois akawaka. "Mtoeni huyu! Tangu lini watu wa madukani wakajali jasho la mkulima?"

Maneno yale yalimchoma Fakhria kama mkuki, lakini hakuinamisha uso. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya sanduku, akakaa.

"Ndugu Alois, nimezaliwa Mtendeni, na udongo wa Tabora ndio utakaonizika. Sitoki hapa mpaka feni izunguke. Ukitaka nitoke, niburute mbele ya kinamama hawa."

Minza akaja kusimama ubavuni pake, mikono kiunoni. Wanawake wengine wakafuata. Mzee Lugembe akamgeukia mhandisi. "Mwache. Wewe umekwisha kujaribu."

Fakhria akashika kazi. Aliondoa transista iliyoungua, ile ya kutolea amri, akatia yake. Kisha akaomba nta ya nyuki. Aliiyeyusha, akachovya vipande vya karatasi, akavitumia kutenganisha waya wa kwanza na wa pili juu ya kila pete, mzunguko baada ya mzunguko, akihesabu kwa midomo tu. Vidole vilimuuma, jasho likamtiririka, naye hakuinuka.

Jua likiwa limeanza kuelemea magharibi, aliwasha. Feni ilitikisika, ikanguruma kama mgonjwa wa kifua, ikasimama.

Alois akaangua kicheko. "Niliwaambia!"

"Cheka usichoke," Fakhria alimjibu, tayari ameinamia nyaya. Lango moja lilikuwa limefunguka na la pili limekataa. Alifuatilia waya kwa ncha ya kucha mpaka akaona kosa: ncha mbili za transfoma ya pili alikuwa amezibadilisha, amri ikawa inafika kichwa chini miguu juu. Akazigeuza, akalehemu upya, akawasha.

Safari hii feni ilianza polepole, ikashika kasi, na hewa ya moto ikapanda kati ya majani. Vigelegele vikarindima hadi barabarani. Tumbaku ile ilitoka banini ikiwa na rangi ya dhahabu.

Miezi mitano baadaye, Alois alirudi na boksi la vipuri kutoka Ulaya. Wanakijiji wakaitana mkutanoni, na Fakhria akaitwa kutoka mjini.

"Transfoma hizi zimetengenezwa kiwandani," alisema. "Zile za nta tuzitoe."

"Zimekosa nini?" Minza aliuliza.

Walipiga kura kwa mikono, za nta zikabaki. Boksi likapelekwa ghalani bila kufunguliwa. Mkutano ulipovunjika, mhandisi alimsogelea Fakhria, sauti yake imeshuka. "Bi Fakhria, ulizungusha waya mara ngapi?"

Fakhria aliweka kikapu chake chini. "Leta kiti ukae chini," alisema. "Kazi hii haifundishwi mtu aliyesimama."

Alois akaleta kiti, akakaa. Mzee Lugembe, aliyekuwa akiwatazama kwa mbali, akamwambia Minza methali ya jembe kuukuu: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.